Mguu wa Nzuki Usiozama

Nzuki wa Kilonzo alikuwa mrefu hata watu wa mji wa Sultan Hamud wakamfanya alama ya njia. Mgeni akiuliza stesheni iko wapi, aliambiwa atafute kichwa kinachoonekana juu ya vingine vyote, kisha apinde kushoto. Sasa mtu wa kimo hicho akitaka kubatizwa kwa kuzamishwa, utosi hadi ukucha, na akilitaka jambo hilo mwaka wa ukame, wakati mbuzi wanalamba mawe, ujue hapo pana shughuli. Walioiona shughuli hiyo bado wakikutana sokoni hucheka mpaka wakashika mbavu.

Lakini ubatizo wa Nzuki hauelezeki bila mguu wake wa kulia. Mguu huo haukukunjika. Akiketi, ulitangulia mbele kupokea wageni. Akilala, ulitoka nje ya kitanda. Akiingia chooni, mlango haukufungika, na ilimbidi aimbe ili wapita njia wajue kuna mtu.

Haukuzaliwa hivyo. Uhuru ulipokuwa bado mbichi, Nzuki alikuwa mcheza ngoma, na si wa kutikisa mabega tu. Wakamba wakicheza, ardhi ni ya kupumzikia. Mchezo wenyewe uko hewani. Nzuki alirushwa juu na rafiki yake Kivuva, akapinduka kinyumenyume, akashukia mikononi mwa Kivuva huyo huyo, filimbi ikilia na ngoma zikijibu. Kivuva alikuwa mfupi, mpana wa kifua, na walipendana hata chakula walikula sahani moja. Sikukuu moja ya Jamhuri wakapelekwa mji wa Wote kucheza mbele ya wakubwa. Nzuki akarushwa, akapinduka, akashuka. Kivuva hakuwa akimtazama. Alikuwa akimtazama msichana mmoja upande wa akina mama, aliyekuwa akicheka kwa meno yote, jina lake Mutindi.

Goti likavunjika mahali pabaya. Mutindi aliposikia kwamba kicheko chake kimemlemaza mtu, roho ikamuuma, akaanza kumpelekea mgonjwa uji. Uji ukazaa maongezi, maongezi yakazaa mahari, na Nzuki akapata mke. Tangu hapo kila mmoja wa wale marafiki alijiona ndiye aliyeonewa.

"Ameniangusha, na hata pole hajasema," alisema Nzuki.

"Pole ya nini," alisema Kivuva, "na msichana si amechukua yeye?"

Mashamba yao yalipakana, tuta kwa tuta, lakini maneno yao yalipitia kwa Mutindi kama yanayopita posta. Mwambie mbuzi wake ameingia kwa kunde. Mwambie basi afunge ua. Mutindi alisimama katikati na jembe lake, akamgeukia huyu, akamgeukia yule, na wote wawili walikuwa wakisikiana vizuri kabisa. Ikawa hivyo miaka ya sitini, ikawa hivyo ya sabini, na ya themanini nayo ikapita. Nzuki alipata kazi ya kulinda ghala la reli, kazi ya kukaa, iliyoufaa mguu. Kivuva alioa kwingine, akaokoka, akawa shemasi wa kanisa la kijiji na sauti ya bezi iliyotetemesha mabati.

Wamormoni nao waliingia nyumbani kwa Nzuki kwa mlango wa jikoni. Mwalimu Mutie, kijana mdogo wa umbo aliyelikuta kanisa hilo Nairobi alipokuwa akisomea ualimu, alihamishiwa shule ya karibu. Hakuwa na pa kusalia, akamwomba Mutindi kona ya sebule. Siku hizo kanisa lilikuwa halijaandikishwa na serikali, kwa hiyo walikusanyika wachache na kuimba kwa sauti ya chini, mwalimu mmoja, akina mama na watoto wao. Mutindi alisikiliza huku akisuka kiondo, na kabla kiondo hakijapata mdomo alikuwa ameshapenda. Alipenda kwamba hakuna pasta wa kuchinjiwa kuku. Alipenda kwamba mwanamke husimama Jumapili akasema neno mbele ya wote. Na alilipenda kupita yote lile fundisho kwamba ndoa inaweza kufungwa isikatwe na kifo, ingawa usiku Nzuki akikoroma alisema hilo inabidi alifikirie tena.

Kijiji kiliwaita watu wa maji, kwa sababu mezani kwao waligawana mkate na maji, bila divai kama makanisa mengine. Uvumi haukukosa. Mzee mmoja wa Emali alisikia kwamba watu hao huoa wake wengi, akavaa koti lake la harusini, akaja kwa Mutindi kuuliza mtu anajiandikisha wapi. Mutindi akamweleza kwamba mambo hayo yaliachwa tangu zama za mababu, huko huko Amerika. Mzee akauliza kama hakuna mpango wa kuyarudisha. Mutindi alimtoa kwa upawa, na kijiji kikapata la kuongea mpaka Krismasi.

Wakati wote huo Nzuki alikaa nje, karibu na mlango, juu ya kigoda chake, mguu umenyooka uani na kikombe cha chai mkononi. Alisikia kila neno. Nyimbo alizijua, mahubiri aliyajua, na akina mama wakikwama katika kisa fulani cha maandiko alikimalizia kutoka nje. Akiulizwa kwa nini haingii, aliinua kikombe. Watu wa kanisa lile hawanywi chai, na yeye bila chai hajiwezi.

Mutindi alijua kwamba hiyo ni danganya toto. Kanisa lilipopata cheti cha serikali, mwaka wa tisini na moja, yeye na wenzake walikwenda kubatizwa Nairobi, na Nzuki alimsindikiza. Aliona mwanamume akimshika mkewe mkono, akainua mkono mwingine, akasema sala fupi, kisha akamlaza chali majini. Nzuki alishika benchi kwa mikono yote miwili.

"Kumbe mtu anaangushwa kinyumenyume," alisema walipokuwa wakirudi nyumbani, na hakusema jingine mpaka Athi River.

Tangu ile siku ya Wote, Nzuki hakuwahi kujiachilia kinyumenyume. Hata kitandani aliingia kwa ubavu, akishika ukuta.

Mwaka uliofuata, katikati ya ukame, Mwalimu Mutie akapata uhamisho wa kwenda Mutomo, huko kusini mwa Kitui. Hapo ndipo moto ulipowaka. Katika kanisa lile anayebariki mkate ni mwanamume aliyebatizwa na kuwekewa mikono, na sebuleni kwa Mutindi hakukuwa na mwanamume mwingine. Mutie akienda, meza inabaki tupu. Viongozi wa Nairobi walisema kwa upole kwamba bila hata mmoja, kikundi kile itabidi kifungwe.

Mutindi akatoka nje, akasimama mbele ya kigoda.

"Baba Mumbua," alisema, kwa kuwa Mumbua ndiye binti yao wa kwanza, "hao akina mama wametembea kuja hapa tangu watoto wao wako mgongoni. Sasa nitawaambia nini? Niwaambie mume wangu anaogopa kuanguka?"

Nzuki alikitazama kikombe. "Hii chai," alisema, "wacha niimalize kwanza."

Akaimaliza, na nyingine nyingi. Juma zima alizunguka Sultan Hamud akiiaga chai, hoteli kwa hoteli, na kila mwenye hoteli alimjazia kikombe cha mwisho kwa huzuni ya kweli. Kwa Hersi, mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka Garissa na kufanya makao pale mjini, aliagwa kwa chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki. Hersi ndiye mtu pekee mjini aliyemtazama Nzuki macho kwa macho bila kuinua shingo, na hilo likatatua jambo jingine. Nguo nyeupe za ubatizo zilizoletwa kutoka Nairobi zilimwishia Nzuki magotini. Hersi akafungua sanduku, akamtolea kanzu yake ya Idi.

"Uchukue," alisema, "lakini mzee, usizame nayo ukatoka nusu Muislamu. Hao wazungu watachanganyikiwa."

Ikabaki shida ya maji. Mabwawa yalikuwa yamepasuka kama kisigino cha mchungaji. Mutindi akapeleka neno kwa mwethya, kile kikundi cha akina mama wa kijiji wanaolimiana kwa zamu na kuchimba matuta pamoja. Wengi wao walisali kanisani kwa Kivuva, na mwanzoni waliona ni ajabu kuchimba ziwa la Wamormoni. Lakini mchanga wa mto ulikuwa bado na maji chini, na shimo lilihitajika hata hivyo kwa ajili ya mifugo. Wakakubaliana hivi: wachimbe shimo moja pana, Nzuki atangulie, mbuzi wafuate. Wakachimba kwa nyimbo, wakirusha mchanga na mizaha, wakibishana kama mtu mrefu hivyo si bora abatizwe nusu leo na nusu masika.

Jumamosi ilipofika, ukingo wa mto ulijaa watu kuliko siku ya mnada. Mbuzi walikuwa wamepangwa upande mmoja, wakilia kwa kiu. Kutoka Nairobi walikuja mzee mmoja Mwamerika, mpole, mwenye kofia kubwa, na kijana aitwaye Muli, karani wa benki, aliyekuwa amevaa tai katika jua lile. Hao wawili ndio mashahidi. Kazi yao ni kutazama mtu azame mzima, na kikibaki nje hata kidole, mambo yote huanza upya, sala na kuzama. Muli alikuwa amechuchumaa ukingoni, macho yametoka kama anayehesabu noti. Na nyuma kabisa, mikono mfukoni, amevaa suruali yake ya ushemasi, alisimama Kivuva. Alisema amekuja kuangalia mbuzi wake.

Nzuki akashuka shimoni akichechemea. Maji yalimfika mapajani. Mwalimu Mutie yalimfika kifuani, na kichwa chake kilikoma kwenye mbavu za Nzuki. Mutie akainua mkono, akasema sala, akamsukuma. Nzuki akashuka kidogo, na kanzu ya Hersi ikajaa hewa, ikasimama juu ya maji kama hema la harusi.

"Kanzu," alisema Muli.

Hersi, aliyekuwa ukingoni na wenzake wawili, alisema kanzu hiyo haijawahi kuzama popote, ni nguo ya heshima. Mutindi akashuka na uzi wa katani aliokuwa akisukia kiondo, akaufunga upindo wa kanzu kwenye vifundo vya miguu ya mumewe kama anayefunga kuku wa kwenda sokoni. Sala ikasemwa tena. Safari hii kanzu ilizama, kichwa kikazama, na mguu wa kulia ukapanda juu taratibu, umenyooka, maji yakichuruzika, kidole gumba kikielekea Mombasa.

"Mguu," alisema Muli.

Akina mama wa mwethya walikaa chini mchangani, wakiegemeana, machozi yakiwatoka. Mutie akajaribu tena, akaegemea kwa nguvu zake zote, na hapo Nzuki akasikia mgongo wake unaenda nyuma pasipo kitu, kama siku ile ya Wote. Akamkumbatia Mutie shingoni. Nzuki akabaki wima, na mwalimu ndiye aliyekwenda chini, mzima kabisa, nywele hadi ukucha.

Hata yule mzee Mwamerika alivua kofia akajifunika uso, mabega yakimtikisika. Muli peke yake hakucheka. Alisema mwalimu amezama vizuri sana, ila yeye alishabatizwa.

Lakini kila jaribio lilimwaga maji. Mchanga uliyanywa, kingo zikabomoka, na shimo lililomfika Nzuki mapajani sasa lilimfika karibu na magoti. Mbuzi walivuta kamba. Akina mama wakaanza kutazamana, maana kicheko ni kicheko, lakini mifugo ina kiu. Muli akasimama, akapangusa magoti, akasema kwa adabu kwamba pengine ingefaa kungoja mvua.

"Mvua ya lini?" aliuliza Mutindi. "Mwalimu anaenda Mutomo Jumatatu."

Nzuki alisimama shimoni, kanzu imemganda, uzi wa kiondo miguuni, mtu mkubwa aliyefungwa kama mzigo. Alimwona mkewe akiuma mdomo. Kulia kwake alikujua, na hii ndiyo ilikuwa dalili yake. Uchungu ukamshika wa kuona kwamba amemwagia akina mama wale maji yao yote, na bado meza yao itakuwa tupu kwa sababu ya goti lake na woga wake. Akafungua mdomo kusema poleni.

Mzee Mwamerika akamtangulia. Alisema, na Muli akatafsiri, kwamba sharti ni mwalimu aseme sala na amzamishe. Kama kuna mtu wa kuushika tu mguu ubaki chini, kitabu hakijakataza, awe wa kanisa gani.

Mutindi alikuwa tayari amefunga leso kiunoni. Lakini hakupata nafasi ya kushuka. Nyuma ya watu, mtu alikuwa akivua viatu.

Kivuva alipita katikati ya umati na suruali yake ya ushemasi, watu wakampisha, kelele zikafifia. Alifika ukingoni, akasimama. Hakumtazama Mutindi. Alimtazama Nzuki, na kwa mara ya kwanza tangu enzi zile hakumtuma mtu.

"Huo mguu niliuharibu mimi," alisema. "Nitaushika mimi."

Mbuzi mmoja akalia. Nzuki alimwangalia yule mfupi aliyenenepa, mwenye mvi, na mikono ile ile. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ameyapanga miaka mingi pale ghalani. Yote yalimpotea.

"Maji ni baridi," alisema.

"Nitavumilia," alisema Kivuva, akaingia.

Alipiga magoti majini, yakamfika kifuani, akaukumbatia ule mguu mgumu kwa mikono yote miwili kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Mutie akainua mkono. Sauti ilimtetemeka kwa baridi na kwa kicheko alichokimeza, lakini sala ilitoka sawasawa. Nzuki akafumba macho. Akausikia mkono mdogo wa mwalimu mgongoni na mikono minene mguuni, na akajiachilia. Akaenda kinyumenyume, chini, taratibu, maji yakamfunika masikio, yakamfunika uso, na kwa muda mfupi hakukuwa na kitu juu ya maji yale isipokuwa Mutie na kichwa cha Kivuva chenye mvi.

Muli alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, tai imeingia matopeni. Alitazama huku, akatazama kule.

"Yote," alisema. Kisha akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, na kicheko chake kilikuwa cha juu kama cha kitoto.

Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwashtua mbuzi, kamba zikawaponyoka wachungaji, na kundi zima likaingia shimoni kabla Nzuki hajasimama vizuri. Alibatizwa na mbuzi pande zote. Hersi alikuwa akipiga kelele kuhusu kanzu yake huku akicheka hata hawezi kusimama, na filimbi ya ngoma, Mungu ndiye anayejua nani aliitoa wapi, ikaanza kulia. Akina mama wakacheza pale pale mchangani, watu wa maji na watu wa divai. Nzuki alipopangusa macho amtafute Kivuva, hakumwona. Alikuwa amekwenda zake na suruali inayotiririka, viatu mkononi.

Kesho yake, Jumapili mchana, Nzuki aliwekewa mikono, kisha akaketi mezani mbele ya akina mama, ndani ya sebule yake mwenyewe, si mlangoni. Wakati wa kubariki mkate, mwenye kubariki hupiga magoti. Alipiga moja. Mguu mwingine ulibaki umenyooka pembeni, na kwa vile sebule ni ndogo, ukatoka nje kwa mlango uliokuwa wazi. Aliisoma sala pole pole, neno kwa neno, na watoto waliokuwa wakimfahamu tangu wazaliwe walimtazama kama hawamjui. Mutindi alilia hapo, bila kuuma mdomo. Aliposema amina, kutoka nje ya mlango ikajibu amina nyingine, ya bezi.

Kivuva alikuwa amekaa kwenye kile kigoda cha Nzuki. Ibada ya kwao ilikuwa imekwisha. Mguu wa Nzuki ulikuwa umemfikia pajani, naye alikuwa ameuacha hapo.

Baada ya mkutano Mutindi alitoka na uji wa tangawizi, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na chai tena. Akawapa vikombe, akageuka arudi ndani, halafu akakumbuka kwamba hakuna ujumbe wa kupeleka, akakaa nao. Wanaume hao wawili walipuliza uji wao. Upande wa pili wa ua, mbuzi wa Kivuva alikuwa kwenye kunde, na hakuna aliyesema kitu.

"Jana," alisema Nzuki mwishowe, "pale majini. Ulikuwa ukiangalia wapi?"

Kivuva alimtupia Mutindi jicho, akalirudisha haraka.

"Mguu," alisema. "Niliangalia mguu peke yake." Akaweka kikombe chini. "Pole, Nzuki."

Nzuki akamsogezea kikombe chake mwenyewe, kilichokuwa na uji zaidi.